Daktari wa Jicho Moja Aliyepeleleza Uvimbe wa Watoto

Kilima cha Mulago kimo katika tarafa ya Kawempe, mojawapo ya tarafa tano za Jiji la Kampala. Askari wengi wamekipanda kilima hicho. Wengine walipandishwa juu ya machela wakiwa majeruhi, na wengine walipanda kwa miguu yao wenyewe wakiwa wamewabeba watoto wagonjwa. Lakini ni wachache miongoni mwao wajuao kwamba juu ya kilima hicho hicho, katika miaka ya 1950 na 1960, ulifanyika upelelezi mmoja uliobadili elimu ya saratani duniani kote. Mpelelezi mwenyewe hakuwa mtaalamu wa maabara. Alikuwa daktari wa upasuaji, tena mwenye jicho moja, na kabla ya kuajiriwa na serikali ya Uganda alikuwa amevaa sare za jeshi. Jina lake ni hayati Denis Parsons Burkitt.

Maisha ya mtu huyu yafaa kusimuliwa mbele ya askari wa jeshi na wa polisi kwa sababu mbili. Kwanza, kazi yake ilifanana sana na kazi yenu: kuona alama ndogo ambayo wengine wameipita, kuuliza maswali, kuchora ramani, kwenda mahali penyewe na kukusanya ushahidi. Pili, jambo alilolichunguza lahusu watoto wetu na miili yetu wenyewe. Ni uvimbe uotao mwilini, ambao mtu huudharau siku ya kwanza, akaugopa siku ya pili, akauficha siku ya tatu, hata wakati wa kuponywa ukapita.

Mtoto wa mhandisi

Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa mhandisi wa serikali katika wilaya ile, na katika saa zake za mapumziko alikuwa na desturi isiyo ya kawaida. Aliwakamata ndege wadogo wa bustanini, akawafunga vipete miguuni ili aweze kumtambua kila mmoja, kisha akachora ramani ya mipaka ya makao yao. Wataalamu wa ndege walikuja kumheshimu kwa kazi hiyo. Hivyo mtoto alikua akimwona baba yake akitafuta maana ya mambo kwa kuyaandika juu ya ramani, na tutaona jinsi mbegu hiyo ilivyokuja kuota maili elfu nyingi mbali na kwao.

Alipokuwa na umri wa miaka 11, jiwe lililorushwa na watoto wenzake lilimpiga usoni, likavunja miwani yake, na vigae vikaliharibu jicho lake la kulia. Jicho halikupona. Tangu siku ile hadi kufa kwake aliutazama ulimwengu kwa jicho moja tu.

Mwaka 1929 aliingia Chuo cha Trinity mjini Dublin ili asomee uhandisi kama baba yake. Hakukaa sana katika masomo hayo. Alikuwa Mkristo mwenye imani kali, akaona moyoni kwamba ameitwa kuwa daktari, akabadili njia na kuhitimu udaktari mwaka 1935. Mwaka 1938 alifaulu mtihani wa juu wa upasuaji katika mji wa Edinburgh. Kisha akaomba kazi ya udaktari katika makoloni ya Afrika, lakini wakubwa wakamkataa. Sababu waliyoitoa ilikuwa ni lile jicho.

Jeshi lampokea

Lakini jeshi halikumkataa. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imepamba moto, na majeruhi hawakuwa na nafasi ya kuhesabu macho ya daktari. Mwaka 1941 Burkitt aliingia katika kikosi cha madaktari wa jeshi la Uingereza. Mwaka 1943 alimwoa Bibi Olive Rogers, aliyekuwa muuguzi, na baadaye akapelekwa Afrika Mashariki. Alihudumu Kenya, katika nchi ya Wasomali, na baadaye Ceylon, ambayo leo huitwa Sri Lanka.

Vita vilipokwisha aliomba kazi tena, na safari hii akakubaliwa. Mwaka 1946 alifika Uganda, akapangiwa Lira, katika wilaya ya Lango. Huko alikuwa daktari wa kila kitu. Asubuhi alipasua, mchana alitibu homa, jioni alikagua zahanati. Miongoni mwa wagonjwa wake walikuwamo wanaume wengi wenye mabusha. Wengine wangeyapasua mabusha hayo na kuishia hapo. Burkitt aliuliza swali moja zaidi: mgonjwa huyu atoka wapi? Alipoandika makao ya kila mgonjwa, aliona kwamba ugonjwa ulijaa upande mmoja wa wilaya na ulikuwa haba upande wa pili. Tofauti hiyo ilifuatana na kuenea kwa minyoo midogo ya filaria iletwayo na mbu. Hilo lilikuwa somo lake la kwanza: mahali mgonjwa anapokaa ni sehemu ya ushahidi.

Mwaka 1948 alihamishiwa Mulago. Huko alipasua na kufundisha wanafunzi wa udaktari wa Makerere. Pia alianzisha utengenezaji wa miguu ya bandia ya bei nafuu, ili waliokatwa viungo wasibaki wakitambaa chini.

Watoto wawili

Mwaka 1957 Daktari Hugh Trowell, aliyekuwa maarufu kwa uchunguzi wa ugonjwa wa utapiamlo wa watoto, alimwita Burkitt wodini amtazame mtoto mmoja wa kiume wa umri wa miaka mitano hivi. Uso wa mtoto ulikuwa umevimba pande zote nne: taya la juu kulia na kushoto, na taya la chini kulia na kushoto. Meno yalikuwa yamelegea na kukaa ovyo. Burkitt alitatizika. Kama ni usaha wa jino, usaha hauvamii pembe nne kwa wakati mmoja. Kama ni saratani ya mfupa, saratani hiyo huanza mahali pamoja. Alipiga picha, akaandika, lakini hakuwa na jibu.

Wiki chache baadaye alikwenda hospitali ya Jinja. Akiwa humo alitupa jicho nje ya dirisha, akamwona mtoto ameketi majanini pamoja na mama yake, na uso wa mtoto huyo umevimba vile vile kwa pembe zote nne. Mara moja alitoka na kamera yake mkononi. Alipompima, aliona kwamba tumboni pia mlikuwa na uvimbe. Mtoto mmoja angeweza kuwa ajabu ya bahati mbaya, lakini wawili walikuwa dalili ya jambo lenye utaratibu wake.

Alirudi Mulago akafukua mafaili. Humo alikuta watoto wengi wa namna hiyo, lakini walikuwa wametawanywa chini ya majina mbalimbali. Aliyevimba taya aliandikwa saratani ya taya, aliyevimba jicho aliandikwa saratani ya jicho, na aliyevimba figo au ovari alipewa jina la kiungo hicho. Kila daktari alikuwa ameshika kipande kimoja cha habari, na hakuna aliyeviweka vipande pamoja. Mwaka 1958 Burkitt alichapisha makala katika jarida la upasuaji la Uingereza akieleza habari za watoto 38. Makala hiyo haikushtua watu. Hata hivyo, ilisema kwa uwazi kwamba haya yote huenda ni ugonjwa mmoja.

Baadaye ilidhihirika pia kwamba ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni. Katika madaftari ya hospitali ya misheni ya Mengo, yaliyoandikwa kwa uangalifu mkubwa tangu siku za Daktari Albert Cook aliyefika Kampala mwaka 1897, zilipatikana habari za watoto wenye uvimbe wa mataya wa namna hii. Ugonjwa ulikuwapo siku zote, ila haukuwa umetambuliwa.

Ushahidi wa kipande cha nyama

Hapa yatupasa kusimama kidogo tueleze jinsi uvimbe unavyohojiwa, kwa maana macho peke yake hudanganya.

Katika mwili wa kila mtu mna tezi ndogo ndogo mfano wa maharage, zilizopangwa shingoni, makwapani, kinenani na ndani ya kifua na tumbo. Tezi hizo ni kama vituo vya ulinzi. Maji ya mwili yaitwayo limfu hupita humo, na askari wa kinga ya mwili huyakagua. Mtu akipata jeraha mguuni, tezi za kinena huvimba, nasi husema ametoka mtoki. Akiumwa koo, zile za shingo huvimba. Mara nyingi vita hivyo huisha baada ya siku chache na tezi hurudi kama zilivyokuwa.

Lakini zipo tezi zisizorudi. Huenda sababu ni kifua kikuu, ambacho hakikai kifuani tu bali hushika na tezi za shingo. Huenda ni virusi vya UKIMWI. Huenda ni malale: mwaka 1904 madaktari wawili wa kijeshi, Greig na Gray, waliokuwa wakichunguza malale nchini Uganda wakati ugonjwa huo ulipokuwa ukiangamiza watu zaidi ya laki mbili kandokando ya Ziwa Viktoria, walichoma sindano katika tezi za shingo za wagonjwa na kuviona vijidudu vya malale humo. Na huenda ni saratani. Kwa nje uvimbe wote huu waweza kufanana. Mkono wa daktari waweza kukisia, lakini hauwezi kuthibitisha.

Ndiyo maana hutolewa ushahidi wa ndani. Wakati mwingine daktari huchoma sindano nyembamba akavuta chembe chache. Wakati mwingine humtia mgonjwa ganzi, akakata kipande kidogo au akaitoa tezi nzima. Kipande hicho hutiwa katika dawa ya formalini kisioze, hugandishwa ndani ya nta, hukatwa vipande vyembamba kupita karatasi, hutiwa rangi, kisha huwekwa chini ya hadubini. Hapo kifua kikuu huonyesha sura yake, na saratani huonyesha ya kwake. Mtu asiyepimwa hivyo hutibiwa kwa kubahatisha, na mwenye saratani aweza kumeza dawa za kifua kikuu miezi mingi huku adui halisi akiendelea kujijenga.

Basi huko Makerere, chini ya Profesa Jack Davies, palikuwa na idara hodari ya uchunguzi wa maradhi, iliyopokea vipande kutoka hospitali nyingi za Uganda na kuweka daftari la wagonjwa wa saratani wa Kampala na jirani zake. Daktari Gregory O'Conor kutoka Marekani alipokuja kufanya kazi hapo, yeye na Davies waliyarudia mafaili ya saratani za watoto na kuvitazama upya vipande vilivyohifadhiwa. Waliyoyaona yaliwastaajabisha. Chembe iliyokuwa katika taya ndiyo iliyokuwa katika figo, ndiyo iliyokuwa katika ovari na katika ini. Tena haikuwa chembe ya mfupa wala ya figo. Ilikuwa chembe ya kinga ya mwili, ile ile ikaayo katika tezi. Huo ulikuwa ugonjwa wa limfoma, yaani saratani ya askari walinzi wenyewe, na karibu nusu ya saratani zote za watoto katika daftari lile zilikuwa za aina hii. Makala zao zilitoka mwaka 1960 na 1961.

Tazama jinsi ugonjwa huu ulivyojificha. Kwa desturi saratani ya tezi hutafutwa shingoni na makwapani, na watoto hawa wengi wao hawakuwa na uvimbe huko. Adui alikuwa ameacha kambi yake na kupiga hema katika mifupa ya uso na katika viungo vya tumbo. Bila kipande cha nyama na hadubini, asingetambuliwa. Baadaye Daktari Dennis Wright, naye wa Makerere, alieleza sura yake kwa ukamilifu: chembe nyeusi zilizosongamana kama mbingu ya usiku, na katikati yake chembe nyeupe kubwa zimetapakaa kama nyota.

Wagonjwa kwenye ramani

Wakati wenzake wakitazama hadubini, Burkitt alitazama ramani. Alipata msaada wa pauni 25 tu, akachapisha karatasi zenye picha za watoto wagonjwa na kuzituma kwa hospitali nyingi barani Afrika, akiuliza kama wamepata kuona uvimbe wa namna hii. Kila jibu lilipokuja, alichomeka pini katika ramani iliyokuwa ukutani. Polepole pini zikajichora: ukanda mpana ukatanda katikati ya Afrika kutoka magharibi hadi mashariki, na mkia wake ukashuka pwani ya mashariki kuelekea kusini. Nje ya ukanda huo hapakuwa na wagonjwa, au walikuwa wachache mno.

Ni nini kilichouweka mpaka ule? Burkitt alijua kwamba barua haitoshi. Tarehe 7 Oktoba 1961 aliondoka Kampala kwa gari kuukuu la Ford, akiwa na marafiki wawili. Mmoja alikuwa Daktari Ted Williams wa hospitali ya misheni ya Kuluva karibu na Arua, fundi hodari wa magari pia. Wa pili alikuwa Daktari Cliff Nelson. Kwa muda wa wiki 10 walikwenda maili 10,000, wakapita Tanganyika na kushuka hadi kusini mwa Afrika, kisha wakarudi. Walitembelea hospitali zaidi ya 50. Katika kila moja walionyesha picha, wakauliza, wakaandika. Nyingi kati ya hizo zilikuwa hospitali ndogo za vijijini, ambazo daktari wake hakuwahi kuulizwa habari yoyote na mabingwa wa mijini.

Waliporudi walijua kwamba karibu na mstari wa ikweta ugonjwa haupatikani juu ya futi 5,000 hivi. Ndiyo maana nyanda za juu za Kenya na milima ya Rwanda na Burundi zilikuwa salama. Lakini kadiri walivyokwenda kusini, mpaka ule ulishuka chini zaidi na zaidi. Kwa msaada wa Alexander Haddow, mkuu wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, Burkitt alitambua kwamba kizuizi si kimo cha mlima bali ni baridi. Mahali ambapo joto hushuka chini ya nyuzi 16 hivi za sentigredi, au mvua haifiki inchi 20 kwa mwaka, ugonjwa haukuonekana.

Joto na mvua ndiyo makao ya mbu. Hivyo mshukiwa wa kwanza akawa virusi fulani viletwavyo na mbu.

Ukungu wa London

Kabla ya safari ile, tarehe 22 Machi 1961, Burkitt alikuwa London kwa likizo, akatoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex. Miongoni mwa wasikilizaji alikuwamo Daktari Anthony Epstein, aliyekuwa akitafuta virusi viletavyo saratani. Alipoisikia habari ya ramani, moyo wake ulidunda. Wakakubaliana kwamba vipande vya uvimbe vya watoto wa Kampala vitumwe kwake kwa ndege kutoka Entebbe.

Kwa zaidi ya miaka miwili vipande vilifika na Epstein hakuona virusi hata kimoja. Desemba 1963 ndege moja ilizuiwa na ukungu mzito uliofunika London, ikateremkia Manchester. Kifurushi kilipomfikia kilikuwa kimechelewa, na maji yake yalikuwa na ukungu pia. Mtu mwingine angedhani kimeoza na kukitupa. Epstein aliyatazama yale maji chini ya hadubini, akaona chembe za saratani zikielea, zikiwa hai. Chembe hizo zilioteshwa chupani, na mapema mwaka 1964, kwa hadubini ya elektroni, yeye pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong wakaviona virusi ndani yake. Machi mwaka huo walitangaza habari hiyo katika jarida la Lancet. Hivyo ndivyo virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu vilivyopatikana, na kipande chenyewe kilitoka katika mwili wa mtoto wa Uganda.

Hata hivyo ushahidi ulimwachia huru mbu kwa shitaka moja na kumtia hatiani kwa jingine. Virusi vile havienezwi na mbu. Huenezwa kwa mate, na watu wazima zaidi ya tisa katika kila kumi duniani wanavyo bila madhara makubwa. Mbu yeye huleta malaria, na malaria ya mara kwa mara utotoni huzilazimisha chembe za kinga kuzaana bila kupumzika, huku ikidhoofisha uwezo wa mwili kuvizuia virusi. Katika kuzaana huko, chembe moja hukosea mpangilio wa urithi wake, na kosa hilo huwa mwanzo wa saratani. Burkitt mwenyewe aliona kwamba Unguja, ambako malaria ilikuwa imepigwa vita, wagonjwa walikuwa haba mno ingawa joto lilikuwapo. Baadaye, katika miaka ya 1970, watoto 42,000 hivi wa West Nile walipimwa damu na kufuatiliwa, na ikaonekana kwamba waliokuja kuugua walikuwa na dalili kubwa za virusi vile katika damu hata kabla ya uvimbe kutokea.

Kisu chawekwa chini

Jambo gumu kuliko yote kwa daktari wa upasuaji ni kukubali kwamba kisu hakifai. Mwanzoni madaktari waliyakata mataya ya watoto hawa. Uso uliharibika, na ugonjwa ukarudi. Mionzi ya kutibu saratani haikuwapo Uganda wakati huo. Burkitt, kwa ushauri na msaada wa madaktari wa New York, alianza kutoa dawa zilizokuwa mpya, kama methotreksati, siklofosfamidi na vinkristini, kwa kipimo kidogo. Uvimbe uliofunika jicho ulinywea kwa siku chache, na baadhi ya watoto waliopata dozi chache tu walipona kabisa. Wakati huo saratani chache mno duniani zilikuwa zimepata kuponywa kwa dawa peke yake.

Matokeo hayo ndiyo yaliyofanya kituo maalumu cha matibabu kifunguliwe Mulago mwaka 1967, kwa ushirikiano wa Makerere na taasisi ya saratani ya Marekani. Kiongozi wake wa kwanza alikuwa Daktari John Ziegler, na baada yake Daktari Charles Olweny, mwana wa Uganda, alikiongoza katika miaka migumu ya 1970 wageni walipoondoka na dawa zikaadimika. Kituo hicho ndicho Taasisi ya Saratani ya Uganda, ambayo ingali ikihudumia wagonjwa juu ya kilima kile kile.

Haki yatudai kutaja wengine pia. Burkitt hakufanya kazi peke yake. Walikuwapo wauguzi, wakalimani, madereva na watumishi wa maabara wa Kiafrika, ambao wengi wao majina yao hayakuandikwa katika majarida. Na walikuwapo akina mama waliowabeba watoto wao kwa miguu maili nyingi na kukubali wakatwe kipande cha nyama, wakati hawakuwa na hakika kwamba wao wenyewe watapata faida yoyote. Elimu tuliyo nayo leo imejengwa juu ya subira yao.

Siku za mwisho

Burkitt aliondoka Uganda mwaka 1966. Huko Uingereza alianza upelelezi mwingine. Akikumbuka jinsi wakulima wa Afrika waliokula ndizi, viazi, maharage na nafaka zisizokobolewa walivyokuwa salama na maradhi mengi ya utumbo, alihubiri faida ya makapi katika chakula, na kitabu chake cha mwaka 1979 juu ya jambo hilo kilisomwa na watu wengi sana. Si kila alilolisema kuhusu chakula limethibitishwa, lakini watu wengi walibadili mlo wao kwa sababu yake. Mwaka 1972 alichaguliwa katika Jamii ya Kifalme ya wanasayansi wa Uingereza, na mwaka huo huo yeye na Ziegler walikuwa miongoni mwa waliopewa tuzo ya Lasker ya Marekani. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82. Ugonjwa alioufuata kwa jicho moja huitwa kwa jina lake duniani kote: limfoma ya Burkitt.

Funzo kwetu

Ndugu askari, wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Saratani hii ya watoto ni miongoni mwa saratani zinazokua upesi kuliko zote. Chembe zake huweza kuongezeka maradufu katika muda wa siku moja au mbili. Kwa hiyo wiki mbili zilizopotea nyumbani, kwa kungʼoa meno yasiyo na kosa au kuchanja na kupaka dawa za mitishamba, si wiki mbili za kawaida. Ni uwanja mkubwa uliotolewa kwa adui bure. Mtoto aliyewahishwa anayo nafasi njema ya kupona.

Basi ukiona mtoto kambini amevimba taya, meno yamelegea bila kuoza, jicho limejitokeza au tumbo limekuwa gumu, usingoje mshahara wala likizo. Mpeleke hospitali leo. Na wewe mwenyewe, ukiwa na tezi shingoni, kwapani au kinenani isiyopungua kwa muda wa mwezi mmoja, au inayozidi kukua, au ngumu kama jiwe, au iliyo juu ya mfupa wa mtulinga, au inayofuatana na homa, jasho la usiku na kukonda, nenda ukapimwe. Daktari akisema kwamba atakata kipande, usidhani amekosa la kufanya. Hukumu ya haki hutolewa baada ya ushahidi, na kipande kile ndicho ushahidi. Tena usiondoke bila kuuliza majibu yatatoka lini, na siku hiyo ikifika rudi ukayachukue, maana kipande kilichopimwa na majibu yake yasisomwe hakimponyi mtu. Nacho chandarua kitundikwe kila usiku juu ya kitanda cha mtoto. Hukinga malaria, na kwa kukinga malaria hupunguza nguvu za adui mwingine aliye nyuma yake.

Burkitt hakuwa na mashine za thamani. Alikuwa na jicho moja, ramani, pini, gari kuukuu na swali ambalo hakuchoka kuliuliza: mgonjwa huyu atoka wapi, na wenzake wako wapi? Mpelelezi yeyote wa polisi na skauti yeyote wa jeshi anaweza kuianza kazi kwa zana kama hizo.